Mkate wa Kwenda Bondo

Nasipwondi alikuja getini Ijumaa asubuhi akiwa amevaa aproni yake nyeupe ya kazi, na Frankline alipomwona kupitia dirisha la ofisi, moyo wake ulifanya ule mchezo wake wa siku zote. Ulisimama kidogo, kisha ukaanza kukimbia. Kwa wiki tatu alikuwa akimtazama hapo nje, yeye katibu wa mgomo, amekaa na wenzake chini ya turubai la bluu, akiimba nao, akigawa chai, akiwapanga akina mama wapate kivuli. Siku zote hizo hakuwa amevaa aproni hata mara moja. Aproni ilikuwa ya kazi, na kazi walikuwa wameiweka chini.

"Wamekubali," Frankline alijiambia. "Mungu wangu, wamekubali kurudi!"

Alishuka ngazi mbilimbili. Mtu mzima, meneja wa uzalishaji, shahada ya Maseno imetundikwa ukutani, na anaruka ngazi kama mtoto aliyesikia mgeni amekuja na soda. Tumsamehe. Kiwanda cha mama yake kilikuwa kinakufa mbele ya macho yake, na mwanamke aliyekuwa akikiua ndiye huyo huyo aliyekuwa akimnyima usingizi.

Jaber, mkate wa kiwanda hicho, uliwahi kuwa mezani kila asubuhi Kisumu nzima, kuanzia Kondele hadi Dunga. Siku hizi ulikuwa unachechemea. Mikate ya Nairobi ilikuwa imejaa kwenye supamaketi, imekatwa vipande vyembamba na kufungwa kwenye karatasi zinazong'aa. Unga umepanda bei. Halafu wafanyakazi, ambao kwa miaka na miaka waliandikwa kama vibarua, wakaachishwa kila mwisho wa mwezi na kuandikwa upya kila mwanzo wa mwezi, wakasema sasa basi, wanataka ajira ya kudumu kama watu wengine. Mama Aloo, mwenye kiwanda, akasema hana uwezo. Wakaenda getini.

Frankline alifika getini akihema.

"Habari ya asubuhi, Bwana Meneja," Nasipwondi alisema.

"Nasi..." alianza, kisha akawaona wenzake wamesimama nyuma yake, wote, na wote wamevaa aproni. Akakohoa. "Nzuri, Katibu. Karibuni."

"Hatujakaribia bado. Nimetumwa kuomba tanuri. Leo tu."

"Tanuri?"

"Mzee Opiyo anatoka mochwari saa sita. Leo ni kesha kwake Bondo, kesho tunamzika. Unajua."

Alijua. Nani asingejua? Mzee Opiyo alikuwa fundi mkuu wa tanuri la Jaber, mzee mfupi mwenye nyusi zilizoungua moto mpaka zikakataa kuota. Aliugua kifua mwanzo wa mgomo, na Jumapili akafariki. Ilikuwa desturi ya kiwanda kwamba mfanyakazi akifiwa au akifa, Jaber ndiyo inayopeleka mkate wa kesha. Huku Nyanza watu hawaombolezi na chai tupu.

"Mkate wa Mzee umeshapangwa," Frankline alisema. "Mama amenunua. Utapelekwa leo."

"Amenunua mkate gani?"

Frankline akatazama viatu vyake.

"Frank," Nasipwondi alisema taratibu, akisahau ubwana meneja. "Mkate gani?"

"Ule wa Nairobi."

Akina mama walifyonya kwa pamoja. Nabututu, mfungaji mikate mkongwe kuliko wote, aligeuka akatema mate kando.

"Huyo mzee amesimama mbele ya hilo tanuri kabla mimi sijazaliwa," Nasipwondi alisema. Sauti yake haikupanda, na hapo ndipo Frankline alipojua amekasirika kweli. "Leo watu wa Bondo wakeshe kwake wakila mkate ya Nairobi? Na zile karatasi zake, kesho asubuhi wazifagie wapi? Kwa kaburi lake?"

"Mama hakufikiria hivyo. Hakuna mkate mwingine, Nasi. Ninyi ndio mnaooka."

"Ndiyo maana tumekuja kuoka."

Moyo wa Frankline ukaruka tena. "Kwa hivyo straiki imeisha?"

"Haijaisha. Jumatatu utanikuta hapa hapa kwa turubai. Leo tunaoka ya matanga. Haiuzwi, hatulipwi. Ikitoka kwa tanuri inaenda Bondo, na sisi tunaenda nayo."

"Na unga? Siwezi kufungua stoo bila Mama."

Nasipwondi alisogea kando tu, na Frankline akaona walichobeba wale watu. Kila mmoja alikuwa amekumbatia pakiti ya unga wa ngano. Wengine mbili. Wakhungu, aliyekuwa msaidizi wa marehemu, alikuwa na gunia dogo begani na mtungi wa mafuta mkononi. Watu waliokaa wiki tatu bila mshahara, ambao Frankline alijua fika kwamba baadhi yao walikuwa wamehamia kwa ndugu kwa sababu ya kodi, walikuwa wamejinunulia unga wa dukani ili mwenzao aliyekufa asizikwe kwa aibu.

Frankline akatoa ufunguo mfukoni, akafungua geti.

* * *

Frankline na Nasipwondi walikuwa wamekutana Dunga, kando ya ziwa, mwaka uliopita, Jumapili moja ya joto, kila mmoja akisubiri samaki wake akaangwe. Kiwandani walisalimiana tu kama watu wanavyosalimiana. Pale ufukweni, Nasipwondi alimcheka jinsi anavyoogopa miiba, akamchambulia samaki nusu nzima bila kuombwa, na Frankline akarudi nyumbani akiwa amekwisha. Baada ya hapo kila Jumapili ilikuwa yao. Alimpenda kwa namna iliyomtisha. Alipenda anavyosikiliza mpaka mtu amalize, na anavyocheka kwa mwili mzima, na anavyokasirika bila kumtukana mtu.

Kisha mgomo ukaja, na usiku wa kuamkia siku ya kwanza akapata ujumbe kwenye simu: *Usinipigie mpaka hii iishe. Tafadhali.*

Hakupiga. Lakini aliumia. Aliona wazi kwamba msichana amemficha. Katibu wa wagomaji hawezi kuonekana na mtoto wa bosi, kwa hivyo mtoto wa bosi afichwe kama nguo iliyochanika. Yeye naye, tuseme ukweli, hakuwa amemtangaza popote. Mama yake alipata habari kutoka kwa mwanamke mmoja wa kwaya, akaja juu.

"Huyo anakutafuta kwa nini, wuoda?" Mama Aloo alimuuliza mwanawe siku hiyo. "Wasichana wote wa Kisumu, wewe umepata yule tu anayetaka kunifungia kiwanda? Leo anakula samaki na wewe, kesho anajua siri yangu yote. Sitaki kumsikia kwa nyumba hii."

Frankline hakusema ndiyo wala hapana. Alikunywa chai yake akanyamaza.

Sasa, geti likiwa wazi, alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia chumba cha kukandia. Moshi wa kuni ulikuwa umeanza kupanda, na Wakhungu alikuwa akizungumza na moto kwa Kibukusu, akiubembeleza. Nasipwondi alikuwa katikati ya chumba. Hakuwa akipiga kelele. Aligusa bega la huyu, akamwonyesha yule kwa kidevu, akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, na watu wote wakaenda kama walivyotakiwa kwenda. Frankline alikuwa amesomea usimamizi wa watu miaka minne, na hakuwahi kuona watu wakisimamiwa kwa upendo namna ile. Alisimama mlangoni akamtazama mpaka Nabututu akamcheka.

"Bwana Meneja, umekuja kuoka au umekuja kuona sinema?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Frankline akanawa mikono, akaenda kusimama kwenye meza moja na Nasipwondi.

"Umekonda," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ni straiki. Usijisifu."

"Mimi nimekonda kwa mapenzi."

Nasipwondi akamtupia jicho tumboni. "Hiyo kitambi haijapata habari."

Frankline alicheka, na alipocheka maumivu ya wiki zote tatu yakampanda kifuani. Akakanda unga kwa nguvu kuliko ulivyostahili.

"Nasi, niambie kitu kimoja. Unaona haya kwa sababu yangu?"

"Unasema nini?"

"Uliniambia nisipige simu. Unakaa mbele ya dirisha langu kila siku hunitazami. Hawa watu wako hawajui hata kwamba..." Akashindwa kumaliza. "Mimi ni kitu cha kufichwa?"

Mikono ya Nasipwondi ikatulia kwenye unga. Alimtazama Frankline kwa macho makubwa yenye mshangao, kisha mshangao ukageuka kuwa kitu kingine ambacho hakukielewa, kama huruma, au kama kicheko kilichozuiwa.

"Hayo ndiyo umekaa ukifikiria?"

"Nifikirie nini tena?"

"Baba yangu ananipigia kila Jumapili kutoka Webuye," alisema. "Anasema, mtoto wa bosi akikuoa, siku mkikosana unakosa bwana na kazi kwa siku moja. Namjibu vile vile kila Jumapili. Ungejua ninachomjibu, Frank, usingeniuliza hiyo swali."

"Unamjibu nini?"

"Katibu!" Wakhungu akaita kutoka tanurini. "Njoo uone kama ya kwanza imeumuka vizuri!"

Akaenda akipangusa mikono, na Frankline akabaki na swali lake.

* * *

Simu ya Frankline ililia wakati mikebe ya kwanza ya mkate inaingizwa tanurini. Alitoka nje kuipokea.

"Naambiwa moshi unatoka kwangu," Mama Aloo alisema.

Frankline akamweleza. Mama yake alisikiliza kimya, na kwa dakika nzima mwana alifikiri amemgusa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Waache waoke. Usiwasumbue. Mimi nakuja na lori."

"Lori la nini, Mama?"

"Oda ya Kakamega. Wale wa shule wameniambia wasipopata mkate leo, wanahamia kwa watu wa Nairobi kabisa. Hiyo oda ndiyo imebaki imetushikilia, Frank. Ikienda, Jaber imeenda. Mikate ikitoka tunapakia."

"Mama, ni ya matanga. Hata unga ni wao."

"Na tanuri ni la nani? Kuni ni za nani? Unga wao nitawarudishia. Ile ya Nairobi nimeshanunua, itaenda Bondo. Maiti haisomi karatasi." Sauti yake ikapasuka kidogo, kwa sababu hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke aliyechoka. "Hiki kiwanda ndicho baba yako aliniachia. Nakuomba kazi moja tu leo, nyathina, mwanangu. Nyamaza."

Simu ikakatika.

Frankline alisimama uani. Kunyamaza alikujua sana. Akinyamaza, lori litakuja, mkate utapakiwa katika vurugu, oda itaokoka, na Jumatatu bado kutakuwa na kiwanda cha kugombania. Akisema, oda imekwenda, na pengine na kazi ya babake pamoja nayo. Kupitia dirishani alimwona Nasipwondi amejifunga kitambaa usoni kwa sababu ya joto, akimsaidia Wakhungu kusukuma mkebe ndani kwa mti mrefu wa kusukumia mikate, uliokuwa wa Mzee Opiyo.

Akaingia. Akamwendea moja kwa moja.

"Nasi. Mama anakuja na lori. Anataka mkate huu uende Kakamega."

Nasipwondi akashusha kile kitambaa. "Amekuambia uniambie?"

"Ameniambia ninyamaze."

"Na hiyo oda ikikosa mkate?"

"Tunaipoteza. Labda na kiwanda."

"Sasa kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu kesho kaburini ungejua kwamba nilijua. Afadhali nikose kiwanda."

Alimtazama kwa muda mrefu. Mtu aliyewahi kutazamwa hivyo na mtu anayempenda hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi, hakuna maelezo yatakayomtosha. Kisha Nasipwondi akageuka, akawaambia watu wake kila kitu, bila kuongeza chumvi. Hakuna aliyekimbia kufunga geti.

"Tuendelee," alisema. "Mama akifika tutaongea naye. Ni mama wa watu."

* * *

Mama Aloo alifika mkate wa mwisho ukitolewa. Alikuwa mnene, mrefu, kitenge cha zambarau, na mwendo wa mtu aliyezoea watu kumpisha. Harufu ya mkate mpya ilikuwa imejaa uwanja mzima, harufu ambayo haikuwa imesikika pale kwa wiki tatu, na alipoingia Frankline alimwona akivuta pumzi na kufumba macho. Ilikuwa mara moja tu. Akayafumbua.

"Pakieni," aliwaambia.

Hakuna aliyeinua mkono.

"Mama, tunakusalimu," Nasipwondi alisema, akapiga goti kidogo.

"Sikuja kusalimiwa. Toka kwa mlango."

"Mama, kuni tutarudisha. Unga tumetoa kwetu. Mkate ni ya Mzee Opiyo."

"Opiyo!" Mama Aloo akapaza sauti. "Wewe utaniambia juu ya Opiyo? Nilianza na yeye Mamboleo, kwa jiko moja, mandazi! Mimi, mume wangu na Opiyo. Ulikuwa wapi?"

"Sikuwa, Mama. Ndiyo maana tulisema wewe ndiwe hutakataa."

Maneno hayo yalimpata Mama Aloo mahali ambapo hakuwa amejikinga. Na mtu mwenye kiburi akishindwa jambo la haki hutafuta lingine lolote la kushika. Akawageukia wafanyakazi, akamnyooshea Nasipwondi kidole.

"Mnamfuata huyu, sindiyo? Anawaambia mlale na njaa, mnalala na njaa. Basi niwaambie kitu ambacho yeye hawaambii. Huyu katibu wenu ni mpenzi wa mtoto wangu! Huyu Frank hapa! Mnakaa huko kwa jua, na yeye Jumapili anakula samaki na mwana wa mwenye kiwanda. Sasa mfuateni!"

Amemmaliza, Frankline alifikiri. Akaangalia nyuso za wale watu akingoja zigeuke.

Hazikugeuka. Nabututu alikuwa akipaka mikebe mafuta ili isishike kutu, na hakuacha kupaka.

"Tunajua, Mama," alisema.

"Mnajua nini?"

"Hiyo ya Frank. Tunajua tangu siku ya kwanza." Akaweka mkebe chini, akachukua mwingine. "Tulikuwa tumekutana kwa holi ya kanisa, Nyalenda, tuchague katibu. Kila mtu anasema Nasipwondi, Nasipwondi. Akasimama akatuambia, kabla hamjapiga kura mjue jambo moja. Nampenda Frankline, mtoto wa Mama. Si mchezo, nampenda, na sitamwacha. Lakini mkinichagua, mpaka siku straiki itaisha sitaongea na yeye hata kwa simu. Mkiona siwezi, chagueni mwingine, sitakasirika."

Wakhungu akauegemeza ule mti mrefu ukutani.

"Tukamtoa nje tuongee," Nabututu aliendelea. "Mvua ilikuwa inanyesha, akakaa huko huko. Tulibishana, Mama, kelele! Mimi mwenyewe nilimkataa. Ni Mzee Opiyo alisimama. Akasema, huyu angeweza kutuficha na hajatuficha. Hataweza kutuuza. Tukapiga kura."

Frankline alimgeukia Nasipwondi. Yeye, aliyemkabili Mama Aloo bila kupepesa jicho, sasa alikuwa ameinamisha kichwa, akikwangua unga uliokauka kwenye kucha, na masikio yake yalikuwa yamewiva kwa haya. Mpenzi aliyedhani amefichwa! Alikuwa ametangazwa kwenye holi nzima, mbele ya watu waliokuwa na kila sababu ya kumchukia. Frankline sasa alijua pia jibu alilopewa yule baba wa Webuye kila Jumapili. Alitamani sakafu immeze. Alitamani pia kumbeba Nasipwondi juu kwa mikono miwili na kuzunguka naye Kisumu yote.

Lakini mama yake alikuwa akimtazama. Hasira ilikuwa imemtoka Mama Aloo, na kilichobaki machoni kilikuwa kibaya zaidi.

"Na wewe, Frank," alimuuliza polepole. "Wewe ulimwambia nani?"

Frankline akaanza kupangusa unga mikononi.

"Mimi nilisikia kwa mwanamke wa kwaya. Huyu mtoto wa watu amesimama mbele ya wenzake wote akataja jina lako, na anajua wanaweza kumfukuza. Wewe umeshindwa kusimama mbele ya mama yako, jikoni, na chai mkononi."

"Ni kweli, Mama."

"Najua ni kweli. Sikuulizi kama ni kweli."

Frankline akavuta pumzi. "Basi nakuambia sasa. Nampenda Nasipwondi. Nilimpenda kabla ya hii straiki, na hata akishinda na sisi tufunge, bado nitampenda. Nataka kumwoa. Na huu mkate, Mama, hautaenda Kakamega. Ukitaka kuupakia, utaanza na mimi."

"Mbona wewe unaoa?" Nasipwondi alisema bila kuinua kichwa. "Hujaniuliza."

Wakhungu ndiye aliyeanza kucheka, cheko la mtu aliyejaribu kulizuia akashindwa, na wengine wakamfuata mpaka akina mama wakashikana mabega. Mama Aloo hakucheka. Alitembea hadi kwenye meza, akachukua mkate mmoja wa moto, akaugeuza, akaugonga chini kwa vidole na kusikiliza, kama wanavyofanya watu wa tanuri. Alisimama vile kwa muda, sikio karibu na mkate. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa kiganja chenye unga.

"Dereva!" aliita kwa sauti yake ya kawaida. "Fungua nyuma ya lori. Pakieni vizuri isifinyane. Tunaenda Bondo."

"Na Kakamega, Mama?" Frankline aliuliza.

"Nitawapigia. Nitawaambia nina msiba. Wakielewa, wataelewa. Wasipoelewa tutakufa tukiwa watu." Akamgeukia Nasipwondi. "Jumatatu nitakuja mwenyewe kwa hiyo turubai yenu. Utaniambia hayo mambo ya ajira taratibu, moja moja. Sijaahidi kitu."

"Hata sisi hatujaahidi kitu, Mama. Lakini tutakuwekea kiti."

Mama Aloo akaguna. Pengine ulikuwa mguno wa kicheko.

Walipakia kwa mikono mingi. Frankline alimkuta Nasipwondi kando ya lori akifunga kitambaa kichwani kwa safari, na kwa mara ya kwanza tangu mgomo uanze alimsogelea bila kutazama ni nani anayewaona.

"Nakuuliza sasa," alisema.

"Usiniulize leo." Macho yake yalikuwa na maji, na yalikuwa yakicheka. "Niulize straiki ikiisha. Sitaki mtu aseme nilinunuliwa, na sitaki mtu aseme nilikununua. Unaweza kungoja?"

"Na wewe ndiye mwenye straiki!"

"Basi msaidie mama yako aimalize haraka."

Mama Aloo alikuwa ameshapanda mbele, karibu na dereva. Nafasi moja ilikuwa imebaki pale. Alifungua mlango wake nusu.

"Wewe, Katibu. Njoo ukae mbele hapa."

"Ero kamano, asante, Mama. Mimi nitakaa nyuma na watu wangu."

Mama Aloo hakukasirika. Aliuacha mlango wazi, akamtazama mwanawe, akangoja. Frankline aliitazama ile nafasi ya mbele, kiti cha sponji na dirisha, mahali alipokaa maisha yake yote. Kisha akausukuma mlango wa mama yake taratibu mpaka ukafunga, akazunguka, akashika chuma cha nyuma na kujivuta juu.

Nyuma kulikuwa na joto la mkate na watu wamebanana. Nabututu akasogeza sketi yake, akaacha nafasi ndogo kando ya Nasipwondi. Frankline akakaa. Lori likanguruma, likatoka getini, na hapo hapo, mchana kweupe, mbele ya wagomaji wote, Nasipwondi akauchukua mkono wa Frankline akauweka katikati ya mikono yake miwili.

"Mshike vizuri," Nabututu alimwambia, akitazama barabara. "Huko mbele kuna mashimo."